Mtoto anahesabu mpaka 50 ila ukimtuma vikombe vinne analeta sita: nimehamishia hesabu jikoni, njooni tupeane uzoefu

Jikoni_Kwetu

Habari zenu wadau, heri ya Jumapili. Naomba niwashirikishe kitu ambacho kimenisaidia sana hapa nyumbani na wenye uzoefu zaidi mniongezee maana na mimi bado najifunza.

Binti yangu ana miaka mitano na miezi, anasoma awali. Kuhesabu alikuwa ananifurahisha sana, moja mpaka hamsini bila kukosea, bibi yake akija anasimama katikati ya sebule anahesabu watu wanapiga makofi. Sasa siku moja tukapata wageni nikamwambia mama niletee vikombe vinne, akaleta sita. Nikamuuliza hivi ni vinne? Akaanza kuhesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, ile nne ilivyofika akaacha, kikombe cha pili amekipita hajakigusa, cha tatu amekigusa mara mbili, vingine pale pembeni hata hajaviangalia. Akanitazama akasema ndio mama, vinne.

Yaani pale ndio nikaelewa kwamba anajua wimbo wa namba, namba yenyewe bado. Kwake nne ni neno linalokuja baada ya tatu basi, haijui kama ni idadi ya vitu vilivyoko mezani.

Sikumgombeza. Ila Jumamosi iliyofuata wakati nakanda maandazi nikamuita, nikamwambia leo wewe ndio unapima. Na toka siku hiyo mpaka leo ni kama miezi minne sasa kila Jumamosi asubuhi maandazi ni kazi yetu wawili, nawaelezea tunavyofanya.

Natumia unga wa ngano nusu kilo ambao kwa kikombe changu ni vikombe vinne, sukari robo kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki, chumvi kidogo, mafuta vijiko viwili vya kulia na tui vuguvugu kama kikombe kimoja unaongeza kidogo kidogo. Yeye anachota unga. Kila akimimina kikombe kimoja kwenye bakuli anaweka punje moja ya maharage kwenye kisahani. Hii ya maharage ndio ilibadilisha kila kitu, kwa sababu mwanzo alikuwa anachota huku anaongea habari za shule, akifika katikati hajui ametia vingapi, sasa akisahau anaangalia kisahani, punje tatu maana yake vikombe vitatu kimebaki kimoja. Sikumfundisha kutoa, ila "kimebaki kimoja" alisema mwenyewe.

Unga ukiumuka tunagawa madonge manne. Anashika donge huku na donge kule anapima kwa mikono lipi zito, anamega anaongeza kwenye jepesi. Nasukuma duara, yeye anakata kwa kisu cha plastiki, katikati mara moja inakuwa nusu, anakata tena inakuwa robo. Madonge manne kila moja maandazi manne. Mara ya kwanza alikata moja kubwa kama kiganja changu na lingine kama kidole, kaka yake wa miaka minane akalichukua lile kubwa, aisee pakawa na kilio. Nikawaambia nusu inakuwa nusu pale ambapo kila mmoja yuko tayari kuchukua upande wowote. Siku hizi kabla hajakata anainama kabisa jicho linakaribia kugusa ubao, anatafuta katikati.

Kuchoma nachoma mimi, yeye anakaa mbali. Yakitoka anayapanga kwenye sinia manne manne halafu anagawa, kwetu tuko watano ukimhesabu na dada anayenisaidia, kila mtu matatu linabaki moja. Hilo moja lililobaki ndio somo la wiki nzima kwa kweli, maana kila Jumamosi wanalijadili.

Naomba wenye watoto wadogo mseme mnafanyaje, na kama kuna mwalimu humu atusaidie.

BabaTatu

Mama hongera kwa muda wako ila mimi naona tofauti kidogo. Unga umepanda, mafuta yamepanda, mtoto akimwaga kikombe kimoja cha unga chini hiyo ni hela. Sisi tulijifunza kwa vijiti na visoda, mwalimu anasema leteni visoda ishirini tunaokota barabarani, tukajua hesabu na hakuna chakula kilichopotea. Jikoni mtoto wa miaka minne mitano anachelewesha kazi, saa nne hamjanywa chai.

Jikoni_Kwetu

BabaTatu nakuelewa, na visoda ni vizuri mimi mwenyewe nimesomea hivyo hivyo. Tofauti niliyoiona ni kwamba kisoda ukikosea hakuna kinachotokea, mwalimu anaweka mkasi unaendelea. Unga ukikosea unaona. Siku moja alitia vikombe vitano nikamwacha, tui likawa halitoshi unga ukawa mgumu unapasuka, akaniuliza kwa nini leo mgumu mama, tukarudi kwenye kisahani tukakuta punje tano. Hakuna mtu aliyemwambia umekosa, donge lenyewe ndio lilimwambia.

Kuhusu kumwaga, natandika gazeti chini ya bakuli, kinachodondoka kinarudi. Na sio kila siku jamani, katikati ya wiki hata mimi sina huo muda, siku za shule kazi yake ni vijiko tu. Tuko watano leta vijiko vitano, dakika moja imeisha.

Mwl_wa_Awali

Nafundisha awali mwaka wa kumi na mbili huu. Mtoa mada umegusa kitu ambacho tunahangaika nacho kila muhula.

Ulichokiona kwenye vikombe kinajulikana. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walieleza kwamba mtoto ili tuseme anajua kuhesabu kuna mambo matano anatakiwa ayashike. Kila kitu kipate namba moja tu, kisirukwe kisirudiwe. Namba ziwe kwenye mpangilio ule ule siku zote. Namba ya mwisho aliyoitaja ndio idadi ya vyote. Kwamba unaweza kuhesabu kitu chochote, viwe vikombe au hatua au makofi. Na kwamba ukianzia kulia au kushoto jibu ni lile lile. Binti yako alikuwa na lile la mpangilio, la kwanza lilikuwa linamponyoka na la tatu ndio hakuwa nalo kabisa.

Kumpima ni rahisi. Mpe vitunguu vitano ahesabu, akimaliza muulize "kwa hiyo vipo vingapi?" Akianza kuhesabu upya toka moja ujue kwake swali la vingapi maana yake ni "hesabu", hajajua kwamba ile tano aliyoishia ndio jibu. Usimsahihishe, mrudishe kwenye kazi ya "nipe", nipe vitunguu vitatu, nipe nyanya mbili. Kuhesabu vilivyopo ni rahisi kuliko kutoa idadi uliyoambiwa, kwa sababu kwenye kutoa lazima aishikilie namba kichwani na ajue wapi asimame. Jikoni kazi zote ni za "nipe", ndio maana panafaa.

Kuna jambo lingine ambalo ni la lugha yetu na wengi hatuliangalii. Darasani mtoto anaimba moja mbili tatu nne. Akirudi nyumbani anasikia kijiko kimoja, vijiko viwili, mayai mawili, nyanya mbili, watu wawili. Mtu mzima hasikii kitu pale lakini mtoto wa miaka mitatu minne lazima agundue kwamba mbili, viwili, mawili na wawili ni namba ile ile moja imebadilisha nguo. Halafu akizoea kwamba namba hubadilika anakutana na sita, saba, tisa na kumi ambazo hazibadiliki hata iweje, vijiko sita, mayai sita, watu sita, ila katikati yao nane inabadilika, vitunguu vinane, mayai manane. Mimi nimeshakuwa na mtoto darasani anahesabu vizuri kabisa lakini ukimwambia lete vitabu vitatu anaduwaa, ukimwambia "tatu" analeta. Tulidhani hajui hesabu kumbe ni neno tu.

Sasa dawa yake ni mtoto asikie namba imeshikana na kitu, mara nyingi, kitu kiko mkononi. Na jikoni ndani ya robo saa utataja nyanya tatu, vitunguu vitatu, mayai matatu, mikate mitatu. Semeni kwa sauti, msimwambie tu "lete hizo". Hata ukitaja kwa makosa ya kawaida ya nyumbani haina shida, muhimu asikie.

mchuzi_wa_nazi

Maskini mwalimu umenikumbusha mbali. Mimi ni wa Mombasa, bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa na vipimo vyake vya bati jikoni, kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, visaga viwili ni pishi moja, kwa hivyo pishi ni vibaba vinne. Hatukuwahi kukalishwa tukaambiwa hii ni hesabu, ilikuwa "nenda kanipimie mchele kisaga", nawe kisaga hakionekani siku hiyo kimeazimwa, basi wajua mwenyewe wachota kibaba mara mbili. Nilipofika skuli mwalimu akaanza habari ya nusu na robo mie nashangaa wenzangu walia nini, mbona ni kibaba na pishi tu.

Watoto wangu hawavijui hivyo lakini mahamri ni yale yale, duara moja wakata nne. Twala na mbaazi za nazi asubuhi ya Jumapili.

Swali langu kwa mwalimu. Kijana wangu ana miaka mitano, nikimtilia uji kwenye bakuli pana na dadake nikamtilia kwenye gilasi ndefu alia kwamba dadake kapawa mwingi. Natoa kikombe kile kile mbele yake kipimo kimoja kimoja, namuonyesha, bado asema wa dadake mwingi. Nikaanza kuhofia ana tatizo.

Mwl_wa_Awali

Hana tatizo lolote dada. Hilo lilichunguzwa zamani na Mswisi Jean Piaget, maji yale yale yakihamishwa kwenye chombo chembamba mtoto mdogo anaona yameongezeka kwa sababu anaangalia kimo peke yake, upana hauoni. Kwa kawaida wanaanza kulielewa wakifika miaka sita saba hivi, wengine baadaye kidogo. Kumbishia hakusaidii, kumimina kunasaidia. Mpe jagi na vyombo vitatu vinne vya umbo tofauti amimine mwenyewe, toka gilasi kwenda bakuli, toka bakuli kurudi gilasi. Maji tu, nje, ubarazani, hakuna hasara. Ukiona siku moja amesita kabla ya kujibu ujue kimeanza kuingia.

Hapo hapo mpe kijiko cha chai na kijiko cha kulia, muulize vidogo vingapi vinajaza kikubwa. Vile vya kupimia vinaingia vitatu kamili, vya nyumbani vinategemea, ndio uzuri wake kwamba hata wewe hujui jibu mpaka mjaribu. Mtoto anajua swali la kweli na swali la kumtega, anajua kabisa.

Gorogoro_Mbili

Salamu kutoka Nakuru. Hii uzi ni ya maana sana. Huku kwetu tunapima na gorogoro, ile mkebe ya kilo mbili, na mtoto wangu ako PP2, ule mwaka wa pili wa chekechea. Shida yangu ni lugha. Shule wanafanya namba kwa Kizungu, wan tu thrii, nyumbani tunaongea Kiswahili, cucu yake, yaani nyanyake, naye anampigia hesabu kwa Kikuyu. Nikimwambia weka vikombe viwili vya maji kwa sufuria ananiuliza "ni tu?" Nashindwa kama nibadilishe niongee Kizungu jikoni ndio asichanganyikiwe. Na saa ndio kabisa, nikisema chakula kitaiva saa moja anaangalia saa ya ukuta mshale uko kwa saba.

Mwl_wa_Awali

Usibadilishe. Idadi ikishaingia kichwani kwa lugha anayoishi nayo, jina la pili ni kubandika tu. Hiyo "ni tu?" aliyokuuliza ni dalili nzuri sana, maana ameshaona viwili na tu ni kitu kimoja. Mjibu ndio, mendelee kupika. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu kwa Kiswahili zinamwonyesha wazi kwamba ni kumi na kitu juu yake, kwa Kiingereza eleven na twelve hazimwonyeshi chochote, sasa hiyo faida usimnyime.

Ya saa mwache mpaka akue kidogo, kwa sasa muelekeze kwa matukio, "ukimaliza kupanga sahani wali utakuwa umeiva".

Karanga_za_Mama

Naomba niulize na mimi. Nauza maandazi na karanga stendi, mwanangu wa darasa la tatu ananisaidia likizo. Chenji hakosei, mteja akimpa elfu mbili kanunua vya mia saba anamrudishia elfu moja mia tatu hata hajainamisha kichwa. Lakini karatasi ya mtihani wa hesabu kaleta alama za aibu, na ni kutoa kule kule. Mwalimu wake kanambia mtoto mzito. Nililia siku ile.

Mwl_wa_Awali

Mama usilie, mwanao sio mzito. Mwaka 1985 ilichapishwa kazi ya watafiti watatu waliowafuata watoto wanaouza vitu mitaani huko Recife, Brazili. Walinunua kwao nazi na vitu vingine wakawauliza bei kama wateja, watoto wakapata maswali 98 katika 100. Baadaye wakawapa hesabu zile zile zimeandikwa kama za darasani, wakapata kama 37. Watoto wale wale.

Kwa hiyo hesabu anayo, kinachokosekana ni daraja la kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi. Fanyeni hivi, jioni mkihesabu mauzo mwambie aandike lile alilolifanya, elfu mbili, toa mia saba, aweke chini jibu ambalo tayari analijua. Aanze na jibu analolijua ndio aone ile alama ya kutoa inasema kitu gani. Na mwambie mwalimu wake unachokiona stendi, kwa adabu, wengi hatuna habari watoto wanafanya nini wakitoka getini.

Sindano_Taratibu

Nimefanya kazi wodi ya watoto muda mrefu kwa hiyo naomba mniruhusu kwenye hili. Watoto wa umri huu walioungua kwa uji, chai na mafuta nimewahudumia wengi, na mara nyingi ilikuwa sekunde moja tu mama kageuka.

Jiko la mkaa liko chini, usawa wa mtoto, hilo ndio la hatari kuliko yote. Kazi ya mtoto ifanyike kwenye meza au mkeka ulio mbali na jiko, na ikianza hatua ya moto yake imeisha, mpe kazi nyingine upande mwingine kama kupanga sahani. Mpini wa sufuria ugeuzie ndani. Maharage mabichi kwa watoto wa chini ya miaka mitatu hapana, wanaweka puani na mdomoni, tumieni vizibo vikubwa. Na ikitokea kaungua, maji ya kawaida yanayotiririka dakika ishirini juu ya kidonda halafu hospitali, msipake dawa ya meno, asali wala yai, tafadhali sana.

Baada ya kusema hayo, endeleeni. Mimi wa kwangu alijifunzia kwenye chuma cha vitumbua, kina mashimo saba, sita yanazunguka na moja katikati, kikiwa kimepoa kabisa anaweka gololi kila shimo. Safari mbili kumi na nne. Alijua saba mara mbili kabla hajajua kuandika saba.

BabaTatu

Nimerudi. Nilikaa na huu uzi wiki mbili nikasema ngoja nijaribu kitu ambacho hakimwagiki. Nyumbani tunanunua mayai trei nzima. Kijana wangu wa mwisho ana miaka mitano kasoro, nikamwambia kila asubuhi wewe ndio unatoa mayai ya kukaanga halafu unamwambia mama yamebaki mangapi.

Siku ya kwanza alihesabu moja moja mpaka akachoka njiani akapotea. Siku ya tatu ya nne hivi sikumwambia kitu, akaweka kiganja juu ya mstari mmoja akaniambia baba hapa tano, hapa tano, hapa tano. Trei ni mistari sita ya mayai matano matano. Nimenunua trei miaka yote hii nikijua ni thelathini sikuwahi kuona ile mistari, nimeioneshwa na mtoto.

Jikoni_Kwetu nakushukuru, na nilichosema mwanzo kuhusu kuchelewa chai nakifuta. Mke wangu anauliza ukiwa na watoto wawili umri tofauti unawapaje kazi wasigombane.

Jikoni_Kwetu

BabaTatu umenifurahisha mpaka nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Wawili mimi nawapa kazi zinazotegemeana. Mdogo anahesabu, mkubwa anagawa au anazidisha. Wali kwa mfano, mdogo anapima mchele vikombe vitatu, mkubwa anatakiwa aseme maji vikombe vingapi, mchele wangu unakula maji mara mbili kwa hiyo sita, na mdogo ndio anachota hivyo sita. Mkubwa akikosea wali unakuwa bokoboko na mdogo anajua nani wa kumuuliza. Kwenye chapati mkubwa alikuwa ananibishia kwamba kipande cha nane ni kikubwa kuliko cha nne kwa sababu nane ni kubwa. Sikubishana, nikampa chapati mbili akate moja vipande vinne moja vinane, nikamwambia chagua kimoja ule. Alivishika vyote viwili akakaa kimya, akachukua cha nne.

Leo jioni bibi yao na shangazi wanakuja, tunapika chapati. Nimemwambia binti yangu leo wewe ndio unasema nikate madonge mangapi. Alikaa kwenye kigoda na kisahani chake cha maharage anataja majina, mama, baba, mimi, kaka, dada, bibi, shangazi, kila jina punje. Saba. Akaongeza moja akasema baba anakula mbili. Akaongeza nyingine ya kaka. Halafu akafikiri tena akaweka ya kumi, nikamuuliza hii ya nani?

Akasema ya mtu atakayebisha hodi.